Mbio Alizoziacha Lorinda

Lorinda Attakai hakuumbwa kwa mbio, na hilo alilijua kila mtu kuanzia jumba la kata hadi ukingo wa korongo. Kimo kifupi, nyonga pana, pumzi haba. Akipanda ngazi za maktaba ya chuo husimama katikati, akatoa simu na kujifanya anasoma ujumbe. Shuleni, siku za michezo, kazi yake ilikuwa kuwashikia wenzake makoti, na makoti aliyashika vizuri sana. Halikupotea hata moja. Sasa ana miaka kumi na tisa, anasomea ualimu katika kile chuo kidogo cha nyumbani, baada ya kuanza chuo kikubwa cha Phoenix mwezi wa nane na kurudi mwezi wa kumi na moja na begi lake.

Na Phoenix haikuwa ya kwanza. Mpira wa kikapu aliuacha wiki ya pili. Zulia alilofundishwa kufuma na bibi yake alilifikisha urefu wa mkono, likabaki pale pale kwenye mtambo mpaka buibui wakaanza kuongeza ya kwao. Nyumbani hakuna aliyemgombeza. Wao ni Wanavaho, wenyeji wa asili wa Marekani, na wazee wa umri wa bibi yake hawapendi kumwamuru mtu maisha yake. Watakuchekesha mpaka ujue mwenyewe. Lorinda alikuwa amekwisha kujua. Kujua ni kitu kimoja, kuweza ni kingine.

Ukiwauliza watu wa ukoo chanzo ni nini, watakwambia ni unyagoni.

Alipovunja ungo, akiwa na miaka kumi na miwili, alifanyiwa unyago wa siku nne kamili, kama mama yake na bibi yake kabla yake. Nywele zilifungwa, shanga za feruzi zikamjaa shingoni, na kila alfajiri akatoka mlangoni kukimbia kuelekea mashariki, ndugu wakimfuata nyuma na kupiga ukelele ili Watakatifu wa mapambazuko wasikie kwamba kuna binti anakuja. Kanuni za mbio hizo ni chache lakini nzito. Kila mbio ziwe ndefu kuliko zilizotangulia. Na anayemfuata mwali asimpite. Mwali ndiye wa mbele hata akienda kama konokono, kwa sababu ni maisha yake mwenyewe anayafungua, na nani ana haraka na maisha ya mwenzake?

Alfajiri ya mwisho alitakiwa afike kwenye mti wa mreteni uliosimama peke yake, maili mbili na nusu kutoka nyumbani, auzunguke, arudi. Mama yake aliuzunguka. Bibi yake, Bibi Dezbah, aliuzunguka enzi hizo mti wenyewe haujamfika kifuani. Lorinda alifika kwenye daraja la vyuma, zile nondo zilizotandazwa barabarani kuzuia ng'ombe, maili moja tu kutoka mlangoni, akasimama. Pumzi ilikuwa imekatika. Nyuma yake watu ishirini wakasimama pia, mama wakubwa, wajomba, watoto, na hakuna aliyethubutu kupita. Wakangoja. Lorinda akalia, kisha akageuka. Nao wakampisha njia, wakageuka, wakamfuata hadi nyumbani wakipiga ukelele ule ule. Bibi Dezbah peke yake alibaki kidogo pale darajani akitazama mashariki, ndipo naye akaja.

Ile keki kubwa ya mahindi, inayookwa shimoni kwa ajili ya wageni na ambayo mwali mwenyewe haruhusiwi kuionja, ilitoka mbichi katikati, kama mbio zenyewe. Watu waliila hivyo hivyo, wakashukuru. Utani wa keki mbichi haujaisha hadi leo.

Sasa, mwezi wa kumi mwaka jana, Delray alikuja na pikapu yake kuleta mapipa ya maji. Delray ni mtoto wa mjomba wake Lorinda, yaani binamu wa kutaniana, na utani wa binamu kwa watu hawa hauna breki. Aliwakuta Lorinda na Bibi wakitoka zizini, Lorinda mbele, Bibi hatua tatu nyuma.

"Lorinda we, kobe kapiga simu," akasema. "Anataka umrudishie mwendo wake."

"Mwambie nimemwazima baba yako. Si unaona hata choo hajamaliza kujenga?"

Bibi akacheka hadi akashika mbavu. Lorinda akasimama kumwagia mbwa maji kwenye karai. Bibi naye akasimama, akavua raba, akakung'uta mchanga. Lorinda alipoendelea na safari, Bibi akavaa raba yake, akaendelea. Walipofika mlangoni Lorinda akaingia kwanza na ndoo, akatoka tena kufuata nyingine, na hapo Delray alikuwa ameegemea gari, hacheki tena.

"Hivi wewe huoni?"

"Nione nini?"

"Bibi. Mara ya mwisho umeuona mgongo wake lini?"

Lorinda alidhani ni utani mwingine unaanza, akangoja mwisho wake acheke. Mwisho haukuja.

"Bibi ni mtu mzima, Delray. Magoti hayo."

"Magoti! Juzi yule kondoo dume alikimbilia korongoni, nani alimrudisha? Nilimwona kwa mbali, vumbi tupu. Mimi ananipita. Mama yako anampita. Akiwa na wewe tu ndiyo anakumbuka magoti. Bibi hakupiti, Lorinda. Hajakupita tangu ile siku ya darajani. Baba alimuuliza, unajua alisemaje? 'Mtoto bado yuko mbioni. Sasa nimpite niende wapi?'"

Delray akapanda gari lake akaondoka, na Lorinda akakaa juu ya pipa. Akaanza kukumbuka. Dukani, mjini Gallup, kati ya rafu, Bibi nyuma na kikapu. Siku ya kumaliza sekondari, kwenye uwanja uliojaa watu, Bibi nyuma. Njia nyembamba ya chooni wakati wa theluji, ambapo mzee ndiye anayestahili kutangulia, Bibi nyuma. Na zile kamba za raba! Kila mara Bibi alikuwa akiinama kufunga kamba, mpaka Krismasi iliyopita Lorinda akamhurumia, akamnunulia raba za kunata zisizo na kamba. Bibi alishukuru sana, na tangu siku ile akawa anasimama kukung'uta mchanga.

Mwili ulimsisimka Lorinda kuanzia kisogoni. Kukasirikiwa miaka saba angekuelewa. Kungojwa miaka saba, kila siku, kwa kila hatua, bila neno na bila uso kukunjwa, hakukuelewa hata kidogo. Alijiona mdogo kama punje, na papo hapo akaona kwamba hakuna mtu aliyewahi kupewa heshima kubwa namna hiyo kwa kazi mbovu namna ile. Akalia kidogo. Kisha akaogopa, maana Bibi ana miaka sabini na sita, na kwa jinsi anavyomjua, atakung'uta mchanga hadi siku ya kuingia kaburini.

Asubuhi alimkuta Bibi anakoroga uji wa mahindi ya buluu.

"Bibi, twende kwenye mreteni. Leo. Nikishindwa kukimbia nitatembea, lakini nitafika."

"Mreteni upi?"

"Ule wa unyago."

Bibi aliendelea kukoroga. Hakuuliza nani kamwambia. "Ule ulikuwa wako ulipokuwa na miaka kumi na miwili. Wewe umekua, unadhani mti umekaa kukungoja? Umesogea."

"Umesogea hadi wapi?"

"Mimi nitajuaje? Mbio ni zako. Kula uji."

Basi Lorinda akaenda chuoni na swali lake. Ubaoni nje ya mkahawa palikuwa na tangazo ambalo alikuwa amelipita mwezi mzima: mbio za maili kumi na tatu, mwezi wa tano, kutoka jumba la kata hadi ukingo wa korongo na kurudi. Picha ilikuwa ya mtu mwembamba mwenye mapaja ya swala. Chini yake pameandikwa kwamba kila mtu anakaribishwa. Lorinda alicheka peke yake, na vijana wawili waliokuwa wakinywa kahawa wakageuka kumtazama. Alichukua kalamu, akaandika jina lake kwenye orodha. Jina la Attakai likatoka limepinda kama limeandikwa garini.

Jioni alimwambia Bibi. Bibi akaweka kijiko chini.

"Maili kumi na tatu," akasema. "Kweli huo mti umekimbia."

Alfajiri iliyofuata Lorinda alifungua mlango akitumaini kufanya aibu yake bila shahidi. Bibi alikuwa nje tayari, sketi ndefu, koti la marehemu babu, nywele zimefungwa kisogoni kwa uzi mweupe wa sufu.

"Nilidhani umelala, Bibi."

"Nilale nini? Kimbia."

Alikimbia. Alifika kwenye ua wa kisima kilichokauka, mahali ambapo mtu husikia vizuri redio ya jikoni, akatapika uji wa jana. Bibi alingoja amalize, kisha akaokota jiwe, akaliweka barabarani mahali hasa mguu wa Lorinda ulipoishia.

"Kesho ulipite."

"Kwa kiasi gani?"

"Hata kidole."

Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yote. Chuoni kuna wanaokimbia kwa saa za mkononi na vinywaji vya rangi, wakamuuliza mpango wake ukoje, akasema kuna jiwe. Wakacheka. Kila alfajiri alilipita jiwe, siku nyingine kwa hatua mia, siku nyingine kwa kidole kweli, akiwa na mafua na hasira, na kila alfajiri Bibi aliinama nyuma yake akalisogeza. Bandu bandu huisha gogo. Theluji ya kwanza ilipoanguka Lorinda alijua leo ataachiwa alale. Bibi alimwekea konzi ya theluji shingoni akiwa bado mlangoni, akacheka kama msichana. "Baridi ikujue jina!" akasema, na Lorinda akakimbia robo maili ya kwanza kwa hasira tu.

Walifika kwenye daraja la vyuma asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili. Miguu yake ilisimama yenyewe, kama ng'ombe. Nyuma yake hatua za Bibi nazo zikasimama. Hapakuwa na upepo. Alisikia pumzi ya bibi yake, taratibu, haimharakishi. Akatazama zile nondo na giza lililokuwa chini yake, akaweka mguu juu ya nondo ya kwanza. Ilikuwa baridi, inateleza, na ilikuwa nondo tu. Upande wa pili alitamani kumkumbatia Bibi, lakini huwezi kumkumbatia mtu aliye nyuma yako wakati unatakiwa utazame mbele.

Mwezi wa kwanza waliupita mreteni. Lorinda aliuzunguka, Bibi akauzunguka baada yake na kuugusa kwa kiganja, kama mtu anayemsalimu mwenzake wa zamani. Jua likatoka wakati huo huo. Nchi yote ikawa nyekundu hadi mwisho wa macho, na vivuli vyao viwili vikalala kuelekea nyumbani, kirefu na kirefu zaidi. Lorinda akakinga macho kwa mkono. Aliishi hapo maisha yake yote, na jua hilo lilikuwa likitoka kila siku.

"Bado?" aliuliza mwishowe.

"Unaniuliza mimi?"

Hapakuwa mwisho. Alilijua hilo tumboni. Akasogea mbele hatua kumi, na Bibi akaweka jiwe.

Ilipozidi maili nne Bibi alikubali kupanda pikapu ya Delray, na Delray akawa anaendesha nyuma ya Lorinda kwa gia ya kwanza, akilalamika kuhusu mafuta. "Nilidhani ni mzigo umeniangukia barabarani," alipiga kelele dirishani, "kumbe ni binamu yangu anapasua upepo!" Barabara hiyo ni nyembamba. Magari ya watu wanaokwenda kazini yakaanza kupanga mstari nyuma ya pikapu. Wa kwanza alipiga honi, akamwona Bibi Dezbah amekaa pale na shali yake, akamwona anayekimbia mbele, akafikiri kidogo, akaacha kupiga honi. Wa pili hakupiga kabisa. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu Lorinda aligeuza shingo mara moja tu, akaona taa za magari tisa, na basi la shule la manjano nyuma yao, yote yanatambaa kwa mwendo wake. Watoto walikuwa wamebandika pua kwenye vioo. Ni gari moja tu la watalii lililowapita wote kwa vumbi na honi ndefu, na Bibi akasema maskini, hawana mtu wa kuwaambia.

Siku ya mbio walikuja watu zaidi ya mia mbili. Lorinda alibandikwa namba kifuani, na Delray akaisoma kwa sauti.

"Mia mbili kumi na tatu! Hiyo namba au uzito?"

"Ni idadi ya wasichana waliokukataa. Wameniomba niitangaze."

Bibi alimshika mkono, akamvutia pembeni. "Hawa watakupita," alimwambia. "Usiumie. Wana mbio zao. Wanaofuata zako ni wale wanaozijua."

Walimpita. Kabla ya maili ya kwanza kwisha walikuwa wamempita wote, akiwemo mwalimu wake wa hesabu na mwanamume mmoja aliyevaa kama bata mzinga. Lorinda alikwenda mwendo wake. Kwenye ukingo wa korongo, penye kugeukia, aliangalia chini mara moja, akaona mashamba ya mahindi madogo kama viraka vya shuka na farasi mmoja mweupe akinywa maji, kimya kimya, chini kabisa. Kichwa kilimzunguka kwa ukubwa wa kitu kile. Akageuka, na pikapu ilikuwa pale, imejibana kando kumpisha. Ilipompisha ikamfuata tena.

Maili ya tisa malengelenge yalipasuka, akaanza kuchechemea. Maili ya kumi likaja gari la kufagia.

Hilo ni gari la wasimamizi linalokuja nyuma ya wote, na kanuni yake walisomewa asubuhi: likikupita, mbio zako zimekwisha. Upande, au urudi kwa miguu yako, lakini utepe si wako tena. Lilikuwa na taa za manjano juu, na lilipofika nyuma ya pikapu likapiga honi mara tatu.

"Nipishe!" dereva akapaza sauti.

Delray akatoa kichwa. "Nikupishe uende wapi? Mbele kuna mtu."

"Najua kuna mtu! Huyo huyo ndiye ninayemtaka. Muda wake umekwisha."

Lorinda aliyasikia hayo yote. Hakugeuka. Alisikia mlango wa pikapu ukifunguliwa, na raba za Bibi zikishuka kwenye changarawe.

Bibi Dezbah alikwenda hadi kwenye dirisha la dereva. Hakuanza na habari za mbio, alianza na ukoo, kama mtu aliyelelewa. Yeye ni wa Maji Machungu, upande wa baba ni wa Nyumba Ndefu. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye kofia pana, jina lake Wilford Manygoats, na ikambidi naye ajitaje. Mama yake alikuwa wa Maji Machungu, na kwa watu hawa mwanamke mzee wa ukoo wa mama yako naye ni mama yako.

"Kumbe ni mama yangu," akasema, na sauti yake ikateremka.

"Ndiyo, mwanangu. Sasa, yule mbele ni mwali."

Bwana Manygoats akachungulia. Akamwona msichana mnene wa miaka kumi na tisa, fulana imelowa mgongo mzima, mguu mmoja unaburuzwa. "Mwali? Mbona mkubwa, mama?"

"Amechelewa kidogo," Bibi akasema. "Miaka saba."

 Mtu yule akavua kofia, akaiweka juu ya usukani, akazima taa za manjano. Redio yake ikakoroma.

"Gari la mwisho, uko wapi? Tunafunga."

"Bado kuna mtu barabarani."

"Si umpite tu umpakie?"

"Huyu hapitwi," Bwana Manygoats akasema, akazima na redio.

Bibi hakurudi kwenye pikapu. Lorinda alisikia hatua nyuma yake, nyepesi, za haraka kuliko zake, kisha zikajizuia na kushika mwendo wake.

"Bibi, panda gari! Zimebaki maili tatu!"

"Tazama mbele."

Kisha Bibi akapiga ule ukelele. Sauti ilikuwa imezeeka, ilikatika katikati, akaipiga tena. Delray akaupokea garini, akasahau utani wake wote. Nyuma kabisa Bwana Manygoats naye akaupokea kwa sauti nene. Nywele zilimsimama Lorinda. Alikuwa ameusikia mara ya mwisho akiwa na miaka kumi na miwili, akirudi nyumbani na uso umevimba kwa kulia, na siku zote aliamini walipiga ili kumficha aibu. Sasa alielewa kwamba walikuwa wakimtangaza tu. Hata siku ile walikuwa wakimtangaza.

Mlima mdogo kabla ya jumba la kata ndio uliomshinda. Pumzi ilikatika mahali pale pale inapokatikia kila siku, chini ya mbavu, na Lorinda akasimama, mikono magotini, anatazama vumbi. Nyuma yake raba zikasimama. Injini mbili zikashuka sauti. Hakuna aliyesema jikaze, hakuna aliyesema karibu unafika. Wakangoja.

Na alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba akigeuka sasa hivi watampisha njia. Bibi atasogea pembeni na miaka yake sabini na sita, magari yatarudi kinyumenyume hadi yapate pa kugeuzia, na wote watamfuata kule atakakokwenda wakipiga ukelele, bila lawama, leo na kesho na mwaka ujao. Hilo ndilo lililomtoa machozi. Hawakuwa wamemshikilia. Kwa watu kama hawa unaweza kuacha jambo lolote, na wao wasikuache.

Alivuta pumzi. Akaweka mguu mmoja mbele ya ule mwingine, kwa kidole kwanza.

Uwanjani walikuwa wamekwisha kuviringisha utepe. Saa kubwa ilikuwa imezimwa, mahema yameshushwa, na vijana wawili walikuwa wamebeba meza wakikatiza ile njia ya mwisho. Wanawake wa banda la mikate ya kukaanga ndio waliowaona kwanza wakitokea mlimani: msichana, bikizee nyuma yake, pikapu, gari la wasimamizi lililozima taa. Mmoja akaacha unga mikononi, akasimama. Mwingine akasimama. Hakuna aliyewaeleza kitu. Wale vijana wakarudi nyuma na meza yao, na mtu mzima mmoja akamzuia mtoto wake kwa mkono asikatize. Kisha ukelele ukaanza bandani, ukaenea uwanja mzima.

Lorinda aliuvuka mstari wa chaki, au pale ulipokuwa kabla watu hawajaukanyaga. Hapakuwa na wa kuandika muda. Fulana ya zawadi iliyobaki ilikuwa ya saizi ya mtoto wa miaka minane, akapewa hiyo. Aliishika mkononi, akageuka.

Bibi alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake, kama kawaida. Jasho lilimtiririka, kifua kinapanda na kushuka. Aliitazama ile chaki chini. Kwa mazoea akainama, akavua raba moja, akaikung'uta, mchanga ukamwagika kidogo. Akaivaa. Akamtazama mjukuu wake usoni kwa muda, macho yake madogo yameng'aa.

Kisha akampita.

Akampita kwa upande wa kushoto, bega likagusa bega, akaenda zake kuelekea kwenye mabanda. Lorinda akabaki ameduwaa. Hakujua Bibi ana mwendo wa haraka kiasi kile. Hakujua kwamba mkono wake wa kulia hupunga kuliko wa kushoto, wala kwamba blauzi ile ya mahameli imeshonwa kiraka mgongoni kwa uzi wa rangi nyingine. Fundo la nywele lilikuwa limelegea, ncha ya uzi mweupe ikicheza huku na huku. Miaka saba yote hayo yalikuwa nyuma yake.

"Unakuja, au nile peke yangu?" Bibi akasema bila kugeuka. "Leo unaruhusiwa kuonja."

Lorinda akamfuata, akichechemea, hatua tatu nyuma.